Kadi Moja ya Wanawake Watatu

Cheptiret,
Jumatano mchana

Muthoni mwanangu,

Barua hii haianzi kwa kuuliza hali yako, kwa maana sauti yako ninaisikia hapa ninapoandika. Uko ng'ambo ya ua kwa Mama Kamau, umeenda kumuaga, na naona amekuchekesha kwa jambo fulani. Nimekaa mezani kabla hujarudi. Kesho wakati kama huu utakuwa Kitale kwa mume wako, na nikijaribu kusema haya kwa mdomo nitaishia kukukumbusha habari za masanduku.

Mwalimu wetu wa misheni alitufundisha kwamba barua nzuri husema mapema imekuja kwa nini. Niliacha shule darasa la nane, lakini hilo nimelishika hadi leo. Basi barua hii imekuja kwa sababu ya kichwa chako.

Jumapili tulipotoka kanisani ulisimama mlangoni ukafunika jicho la kushoto kwa kiganja. Nilipokuuliza ukasema jua ni kali. Muthoni, siku ile kulikuwa na mawingu tangu asubuhi. Jana tena hukula chakula cha mchana. Ulijilaza kwenye stoo ya mahindi, ukafunga mlango, na nilipokuita ukasema ni uchovu wa kufunga mizigo. Nilirudi jikoni nikakaa. Maneno hayo nayajua. Ni mimi niliyekuwa nikiyasema, kwa sauti hiyo hiyo, wewe ukiwa darasa la tatu.

Najua unameza tembe za kupanga uzazi. Uliniambia mwenyewe mwezi wa nane, wiki moja baada ya harusi, Mwangi alipotangulia Kitale kutafuta nyumba, kwamba wewe na Mwangi mmekubaliana kungoja mtoto mpaka umalize chuo cha ualimu, maana Januari unaingia, na mwanafunzi akishika mimba hurudishwa nyumbani. Nilisema "sawa". Nilisema neno hilo moja nikaendelea kuchambua maharagwe. Nilikuwa na mengi ya kukuambia siku ile, nikanyamaza. Nimenyamaza tangu siku hiyo mpaka leo, na nimekuona ukificha maumivu mara mbili.

Kwa hiyo habari za jiko, na za kuamka mapema, na za kuishi na mume, nimeziacha. Hizo unazijua, na zile usizozijua, Kitale kuna akina mama watakaokuambia hata kabla hujauliza.

Ulikuwa mdogo tulipotoka Nyeri, kwa hiyo najua unachokumbuka ni lori na yule mbuzi aliyekula kofia ya baba yako. Mzungu aliyekuwa na shamba hili alikuwa anauza aende zake, na watu wetu wakachanga hisa wakalinunua pamoja. Lakini kununua hakukuwa kugawiwa. Mpaka mpima ardhi aje na kila memba aokote namba yake, shamba lilikuwa la wote, na kamati iliweka sheria: kila hisa itoe mtu mzima mmoja kazini kila siku, kwenye mahindi na kwenye pareto. Hisa isiyotoa mtu, jina lake lilisomwa mkutanoni. Ukisomwa mara tatu, unaokota namba baada ya wengine wote, na kilichobaki ni kule chini kwenye mawe na maji yaliyotuama.

Baba yako alikuwa kwenye kiwanda cha mbao mjini, akija Jumamosi. Mtu mzima wa hisa yetu nilikuwa mimi. Nilikuwa nimezaa mara nne katika miaka sita, na uzazi wa Njoroge, mdogo wenu wa mwisho, ulinimaliza damu hata nikawa siwezi kutoka jikoni mpaka kisimani bila kukaa njiani. Nilijua wazi kwamba mimba nyingine ingetupotezea shamba, au ingewapotezea ninyi mama. Usiku sikuwaza jambo lingine.

Ndipo nikasikia kuna kliniki Eldoret, siku ya Alhamisi, inayopanga uzazi. Nilikwenda. Sista alinipima uzito na presha, akaniuliza maswali mengi kwa upole, kisha akanipa fomu ya kutiwa sahihi na mume. Baba yako aliisoma mara mbili. Akauliza kama dawa yenyewe inaweza kuniua. Nikamwambia sijui kuhusu dawa, ila kuzaa kunaweza.

"Basi nipe kalamu," akasema, "kabla mama yangu hajasikia."

Nikapata kadi ya kliniki yenye jina langu, Wanjiku.

Sasa, unajua sisi tulikuwa watatu kwenye ngwatio: mimi, Nyokabi ambaye wewe unamwita Mama Kamau, na Wairimu ambaye baadaye alihamia Turbo. Leo tunalima bustani yangu, kesho yako, keshokutwa yake. Tulikuwa tumezoea kufanya kila kitu kwa zamu. Anayekwenda mjini huleta sabuni ya wote na chumvi ya wote. Nyokabi na Wairimu walipoona nimepata kadi, nao walitaka. Mume wa Nyokabi alikuwa mpishi katika hoteli Nairobi, akajibu kwa barua kwamba mwanamke anayetaka kupumzika kuzaa ana mtu wake kando. Wa Wairimu hakujibu kitu. Aliikunja fomu akawashia kiko.

Tukakaa kwenye mstari wa mahindi tukafikiri. Aliyesema ni mimi, usidhani ni mwingine. Nilisema kadi nayo inaweza kuingia kwenye ngwatio.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa kuwa tulikaa mbali, kliniki ilitoa pakiti tatu za miezi mitatu. Sisi tulizigawana siku hiyo hiyo, kila mtu moja, na mwezi uliofuata mwingine akashika kadi akaenda akajiita Wanjiku, akasema panya wametafuna pakiti mbili. Masista walikuwa wakibadilishwa kila mara, na foleni ilikuwa ndefu. Lakini mizani haikubadilishwa. Nilikuwa na kilo sitini. Wairimu alikuwa mrefu mwembamba kama mkaratusi, na Nyokabi wakati ule alikuwa mwanamke wa kujaza mlango. Siku moja sista aliangalia kadi, akaangalia mizani, akamwambia Nyokabi, "Mama, mwezi uliopita ulikuwa kilo hamsini, leo themanini na mbili. Huko Cheptiret mnakula nini?"

"Viazi, Sista," Nyokabi akamjibu.

Tulicheka wiki nzima. Ikawa mtu akiinua jembe vibaya anaambiwa aongeze viazi. Na sista mwingine aliniuliza kama nyumba yangu ni ya watu au ya panya, kwa vile kila mwezi pakiti zangu mbili zilikuwa zimetafunwa. Tulijiona wajanja. Sikukuona kucheka kule kama dhambi, na hata sasa nikikumbuka, cheko hunishika kabla ya huzuni.

Tembe zenyewe hazikunipenda. Miezi ya kwanza nilichafukwa na moyo kila asubuhi kama mwenye mimba, hata baba yako akaniangalia akauliza kama sahihi yake ilifanya kazi. Matiti yaliuma. Damu ilikuja matone matone siku zisizo zake. Usoni nikatoka madoa meusi hapa kwenye mashavu, na wanawake wa kanisani wakaanza kunong'ona kwamba mafuta yangu ni yale ya kujichubua. Kisha kichwa. Kiliniuma nyuma ya macho, siku mbili, siku tatu, na moyo wangu ukawa karibu na machozi kwa kila kitu.

Siku moja uliacha githeri ikaungua, nami nikakuchapa kwa mwiko mpaka ukakimbilia kwa Nyokabi ukalala huko. Nadhani unaikumbuka. Ulirudi asubuhi ukaniamkia kwa adabu kama mgeni. Haikuwa githeri, mwanangu. Nilikuwa nimeumwa kichwa tangu Jumatatu na nilikuwa nimemwambia kila mtu kwamba ni jua. Sijawahi kukuomba msamaha. Nakuomba sasa.

Utauliza kwa nini sikumwambia sista. Kwanza, kwa sababu zamu zangu zilipofika niliogopa. Nilidhani nikisema ninaumwa atanyang'anya kadi, na ikinyang'anywa, wanawake watatu watabaki hivi hivi. Pili, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi mzuri siku zote. Mwalimu akiniuliza kama nimeelewa, nilisema ndiyo. Sista alipouliza, "Una shida yoyote?" nilimjibu kama darasani: "Hakuna, Sista." Na zamu za wenzangu zilipofika, wao walijibu yaliyo yao, nayo yakaandikwa kwenye kadi yangu. Wairimu alimeza tembe hizo miezi yote ile na hakuumwa hata jino. Kwa hiyo kadi ilisema Wanjiku ni mzima kabisa.

Sasa nafika mahali ambapo nimetaka kuacha kalamu mara mbili.

Mwezi wa sita, wakati wa palizi, ilikuwa zamu ya Nyokabi kwenda kliniki. Alirudi akasema sista amepima presha akaipima tena, akakunja uso, akaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu na kumwambia arudi wiki ijayo apimwe tena, na kabla ya hapo asipewe pakiti nyingine. Nyokabi alikuwa amekuwa na maumivu ya kichwa majuma kadhaa, na mara nyingine alisema anaona vitu vinametameta pembeni mwa jicho. Nilimwambia hata mimi kichwa kinaniuma, tuvumilie mpaka namba ziokotwe.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya ngwatio bustanini kwake. Mwenye bustani ndiye anayepika uji na chakula cha wote; hawezi kuondoka. Akaniambia, "Wanjiku, nenda wewe, ulete pakiti." Hatukuona ajabu. Nilichukua kadi nikaenda.

Sista aliona ule wino mwekundu, akanifunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza. Kisha akatabasamu.

"Mama, imeshuka. Vizuri sana."

Nilikuwa nimesoma, Muthoni. Nilijua ni mkono wa nani uliopimwa. Sikuwa mtu wa kudanganywa na jambo hilo. Lakini nilitaka sana iwe kweli, na nilipofika shambani na zile pakiti, Nyokabi akiwa ameinama juu ya sufuria, nilimwambia hivyo hivyo: "Sista amesema presha imeshuka." Naye akanyoosha mgongo akasema asante Mungu, akanipa bakuli la uji la kwanza.

Siku kumi baadaye tulikuwa kwenye mahindi ya shamba la wote. Nyokabi alikuwa mstari wa pili kutoka kwangu, akieleza habari ya mume wake na barua zake, nasi tukicheka. Akasema neno moja ambalo halikuwa neno. Nilidhani anaigiza. Nilipogeuka, jembe lilikuwa limeanguka na yeye anauangalia mkono wake wa kushoto kama wa mtu mwingine.

Mzee Abdi, yule Msomali wa malori, alikuwa anapakia mahindi kwenye ghala. Alishusha magunia mwenyewe bila kungoja wapakiaji, akatandika shuka lake kwenye mbao, akatupeleka hospitali mjini. Hakutuuliza kitu njia nzima, ila kila tulipopita shimo alipunguza mwendo na kusema pole, Mama.

Daktari aliuliza kama mgonjwa anatumia dawa yoyote. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amesimama pale, na ndugu za mume wa Nyokabi wawili. Niliangalia sakafu. Nilisema sijui.

Labda umedhani kosa langu ni lile la kadi. Kadi tuliifanya kwa kuwa hatukuwa na njia. Lile la mkono nililifanya kwa kutumaini. Lakini "sijui" niliyoisema pale ilikuwa ya kujiokoa tu, na daktari alikaa siku nzima na usiku akitafuta jambo ambalo mimi nilikuwa nalo mfukoni mwa gauni. Asubuhi nilikwenda mapema kabla ya wageni, nikampa sista wa wodi pakiti na kadi, nikamweleza yote. Hakunifokea. Alikaa kwenye kitanda kitupu akaniuliza, "Na wewe, unaumwa wapi?" Nilianza kulia na sikuweza kuacha.

Aliniambia mambo ambayo ningeweza kuambiwa miezi mingi kabla ya hapo. Kwamba wanawake wengi humeza tembe hizi wakaishi nazo salama, na kichefuchefu na matone ya mwanzo mara nyingi hupungua baada ya miezi michache. Lakini mwenye presha hafai kupewa. Na anayeumwa kichwa vibaya huku macho yakiona vimulimuli, au anayevimba na kuumwa mguu mmoja, au anayebanwa kifua, hapaswi kungoja tarehe ya kliniki. Aende siku hiyo. Kisha akaniambia la kuniumiza zaidi: kulikuwa na njia nyingine. Mimi nilibadilishiwa nikawekewa koili ndani ya kizazi. Miezi miwili baadaye kichwa kilikuwa chepesi, madoa yakaanza kufifia, na wewe ukarudi kunisalimia kama mama yako. Namba ya shamba sikuipoteza na mimba sikuipata. Wakati wote ule nilipokuwa naogopa kunyang'anywa, kulikuwa na kabati nzima nyuma ya sista.

Baada ya kiharusi kile, sauti ya Nyokabi ilichukua majuma mengi kurudi. Iliporudi nilienda kukaa naye. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri kama insha. Hakuningoja niyamalize.

"Ulijua mkono ulikuwa wako," alisema.

"Nilijua."

"Na mimi nilijua," akasema. "Niliupika ule uji nikijua."

Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Tuliendelea kuwa watu wawili wanaojua jambo moja, na huo umekuwa urafiki wetu. Hisa yake ilitakiwa kutoa mtu kila siku kama za wengine. Mimi na Wairimu tuliitoa kwa zamu, asubuhi kwetu, mchana kwake, hadi mpima ardhi alipokuja. Siku ya kuokota namba tulimbeba kwa kiti, akaingiza mkono wa kulia kwenye kofia akatoa yake. Ilikuwa nzuri, ya juu kabisa karibu na barabara. Akaomba kamati abadilishane na mtu aliyepata ya huku mbali na barabara, ili apakane na sisi. Watu walimwona hana akili. Wewe umempelekea maji kila jioni miaka tisa ukidhani ni adabu niliyokufunza. Ilikuwa adabu, lakini haikuanzia hapo.

Nilikuwa nimefika hapo uliporudi. Umeingia na mayai aliyokupa, ukayaweka kwenye sahani moja moja, na nimeona umegeuza uso usielekee dirisha. Nimefunika karatasi kwa kitabu cha nyimbo. Nilikuwa nimepanga kukuwekea barua hii kwenye sanduku, chini ya mashuka, uisome Kitale mwisho wa wiki. Kisha nikajiuliza ni vidonge vingapi vipo kati ya leo na mwisho wa wiki.

Haya yanayofuata unayajua kwa kuwa ulikuwapo, lakini nayaandika ili nisije nikayapamba baadaye.

Nilikuuliza kama kabla ya kuumwa unaona vitu. Ukasema hapana. Nikakaa. Ukapanga mayai upya. Kisha ukasema, "Kama utando wa buibui wenye jua. Upande wa kushoto. Halafu unaondoka na kichwa kinaanza." Nikakuuliza kama sista anajua. Ukasema alikuuliza kama una shida yoyote.

"Ukamjibu nini?"

"Nilisema hakuna, Mama." Ukaangalia mikono yako. "Wakinikataza, chuo je?"

Nilitamani kukuambia kwamba chuo si kitu kuliko uhai, lakini huo ungekuwa uongo mdogo, maana chuo ni kitu. Mimi nilitamani chuo hicho mpaka nikaolewa nikikitamani. Kwa hiyo nilikuambia habari ya kabati iliyo nyuma ya sista. Nikakuambia sitaki uache kupanga. Nataka upange kwa njia ambayo mwili wako unaikubali. Nikakuambia usimeze cha leo, na kwamba Mwangi naye aelezwe sababu, ajue kujizuia mpaka upate njia nyingine. Hukubisha. Ulilia kidogo, nikafurahi, kwa sababu hukusema ni vumbi.

Halafu ukaniuliza ni nani aliyeniambia mambo haya yote, nikakupa karatasi hizi. Unazisoma sasa hivi, umekaa kwenye kizingiti, na huu ukurasa wa mwisho ninaumalizia mbele yako. Naona umefika kwenye habari ya Mzee Abdi. Umeinua kichwa ukaangalia ng'ambo ya ua. Usiende kumuuliza Nyokabi leo. Akitaka, atakuambia mwenyewe siku nyingine. Mimi nitamwambia kwamba unajua.

Kesho ni Alhamisi. Baba yako atapeleka masanduku kituoni na atangoja. Sisi tutashuka mjini mapema na kwenda kliniki, na kama foleni ni ndefu, basi la Kitale likituacha kuna jingine la saa nane, na Mwangi atakula chakula alichopika mwenyewe. Utapewa kadi yako. Utapimwa mkono wako. Sista atakuuliza lile swali, na wewe utamweleza habari ya ule utando wa buibui, upande wa kushoto, tangu lini, mara ngapi.

Mimi sitaingia, Muthoni. Nitakaa nje kwenye benchi mpaka utoke.

Mama yako,
Wanjiku